Mpira Unaogeuka Njiani

Mtoto wa Morogoro aliyecheza mpira wa matambara wakati wa kiangazi, chini ya milima ya Uluguru, ameona jinsi ardhi iliyopasuka inavyoupotosha mpira. Jambo hilo hilo huwatesa wachezaji wa kriketi.

Michezo mikubwa ya kriketi huendelea hata siku tano. Ukanda wa ardhi ambako mpira hurushwa, wenye urefu wa mita 20 hivi, hukauka, ukapasuka na kutoa vumbi. Mrushaji huuzungusha mpira kwa vidole au kwa kifundo cha mkono. Nao ukigusa udongo huo hushikwa, ukageuka ghafula, ukaangusha vijiti vilivyo nyuma ya mpigaji. Hapo mpigaji ametoka.

Basi mpigaji hodari hufanyaje? Ama hupiga hatua ndefu mbele, akaukuta mpira pale unapotua, kabla haujageuka. Ama hurudi nyuma kabisa, akauacha ugeuke kwanza, ndipo aupige. Anayesitasita katikati hupotea. Tena hushika ubao wake kwa mikono milegevu, ili mpira uanguke miguuni pake, usirukie mikono ya wadakaji waliomzunguka kama kunguru. Si kazi ya mwenye pupa.

Hata waliozoea hushindwa. Sri Lanka ni nchi ya Muttiah Muralitharan, fundi mkuu wa kuzungusha mpira; lakini tarehe 24 Februari 2003, katika mchezo wa siku moja huko Nairobi, Collins Obuya wa Kenya aliwatoa wapigaji wao watano kwa mipira ya kuzungusha. Kenya walikuwa wamepata mikimbio 210; Sri Lanka wakaishia 157.