Kalori Kwenye Menyu ya Mgahawa: Ziamini kwa Kiasi Gani?

Ukiingia kwenye mgahawa mkubwa hapa Marekani, utaona namba pembeni ya jina la kila chakula: 540, 890, 1,150. Mara nyingi karibu yake kuna herufi Cal. Hizo ni kalori, yaani kipimo cha nguvu ambayo mwili unapata kutokana na chakula. Nguvu ikizidi ile inayotumika, mwili huiweka akiba kama mafuta.

Wengi wetu huanza kuzijali namba hizo siku tunapotoka kwa daktari. Mama ameambiwa sukari imepanda. Baba ana presha na ameambiwa apunguze uzito. Mtaalamu wa lishe anampa kiwango, kwa mfano kalori 1,800 kwa siku. Anaanza kuandika kila anachokula. Mchana hununua chakula karibu na kazini, kwa sababu mapumziko ni nusu saa tu, na anaandika namba aliyoiona kwenye ubao. Baada ya mwezi anapanda kwenye mizani na uzito uko palepale. Nyumbani wanaanza kusema anakula kwa siri. Kliniki wanamwuliza kama kweli anafuata maelekezo.

Kabla hujamlaumu mtu, au kujilaumu mwenyewe, jua jambo hili: namba iliyo kwenye menyu si kipimo cha sahani iliyo mbele yako. Ni makadirio. Yana faida, lakini lazima ujue jinsi ya kuyatumia.

Namba zinatoka wapi?

Sheria ya afya iliyopitishwa Marekani mwaka 2010 iliamuru migahawa mikubwa ionyeshe kalori, na utekelezaji wake nchi nzima ulianza tarehe 7 Mei 2018. Inahusu migahawa yenye jina moja ambayo ina matawi 20 au zaidi na inauza vyakula vilevile. Msimamizi wake ni FDA, mamlaka ya serikali inayoshughulikia chakula na dawa.

Kampuni hupata namba zake kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni hesabu. Wanaandika mapishi: nyama kiasi gani, jibini kiasi gani, mafuta kiasi gani. Kisha wanatumia majedwali yanayoonyesha kalori za kila kitu. Gramu moja ya wanga au ya protini huhesabiwa kalori 4, na gramu moja ya mafuta kalori 9. Hesabu ya namna hii inatokana na kazi ya mwanasayansi Mmarekani Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19. Njia ya pili ni kupeleka mfano wa chakula maabara kupimwa.

Sheria inaitaka kampuni iwe na msingi unaoeleweka wa namba zake. Haisemi kwamba kila sahani ipimwe kabla ya kukufikia. Tena namba zenyewe hukaribishwa: zaidi ya kalori 50, kampuni huandika kumi iliyo karibu. Kwa hiyo ukiona 540, hata kwenye karatasi za kampuni huenda ilikuwa 537 au 543. Hilo ni dogo. Tofauti kubwa hutokea jikoni.

Mkono wa mpishi

Wewe unajua kwamba pilau ya mama mmoja si pilau ya mwingine, hata kama wamefundishwa na bibi yuleyule. Mmoja anamimina mafuta kwa kijiko, mwingine anainamisha chupa tu. Mgahawani ni vivyo hivyo. Mapishi ya kampuni yanasema kijiko kimoja, lakini kijana aliye jikoni saa sita mchana, huku foleni imefika mlangoni, hapimi.

Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Vijiko viwili vya ziada ni kalori 240, na ukikitazama chakula huvioni. Mayonezi na sosi nyeupe za saladi nazo ni mafuta kwa sehemu kubwa. Chipsi zikijazwa mpaka zimwagike nje ya pakiti, hizo zilizomwagika pia zina kalori.

Kuna mambo mengine ya kuangalia kwenye ubao:

Ukiona namba mbili zenye kistari katikati, kama 600-1,050, maana yake chakula hicho kina aina nyingi, na kalori zinategemea utakachochagua. Usiandike ile ndogo kwa sababu inapendeza. Uliza yako ni ipi.

Sosi, tomato na siagi zilizowekwa mezani kwa wateja wote hazilazimiki kuandikwa kalori. Ukiongeza, jihesabie mwenyewe.

Chakula kinachouzwa kwa muda mfupi tu, chini ya siku 60 kwa mwaka, na chakula maalumu cha siku hiyo, huruhusiwa kukosa namba.

Ukiomba mpishi akuongezee jibini au nyama, ile namba ya ubaoni si yako tena.

Watafiti walipopima

Mwaka 2011, kabla sheria hii haijaanza kutumika nchi nzima, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts walichapisha matokeo ya kazi yao. Walinunua vyakula 269 katika migahawa 42, wakavipeleka maabara na kulinganisha kalori zilizopatikana na zile zilizotangazwa.

Habari njema ni kwamba ukichukua wastani wa vyakula vyote, namba zilikuwa karibu na ukweli. Vingine vilizidi, vingine vilipungua. Kwa hiyo si haki kusema kwamba migahawa yote inadanganya.

Lakini wewe huli wastani. Unakula sahani moja. Na katika vyakula hivyo, asilimia 19, yaani karibu kimoja kati ya vitano, vilizidi namba iliyotangazwa kwa kalori 100 au zaidi. Migahawa ya kukaa mezani na kuhudumiwa ilikuwa na tofauti kubwa kuliko ile ya chakula cha haraka. Jambo la kuangalia zaidi ni hili: vyakula vilivyotangazwa kuwa na kalori chache ndivyo vilivyoelekea kuzidi. Hivyo ndivyo anavyochagua mtu anayejaribu kupunguza uzito.

Tuchukue mfano. Chakula chako cha mchana kimeandikwa kalori 700, lakini kwa kweli kina 800. Ukikila siku tano kwa wiki, umezidisha kalori 500 ambazo hazimo kwenye daftari lako. Haba na haba hujaza kibaba. Hukudanganya mtu, hukula kwa siri. Uliandika ulichokiona.

Hata vyakula vya pakiti vya dukani haviko sawa kabisa. FDA huruhusu kalori halisi zizidi zile za kwenye lebo kwa hadi asilimia 20 kabla ya kusema kampuni imekosea.

Mahali ambapo hakuna namba

Mgahawa mdogo wa mtaani, duka la sambusa la jirani, chakula cha harusi au cha kanisani: hapo sheria haihusiki, na huenda usipate namba yoyote. Wengi hufungua programu ya simu na kutafuta jina la chakula. Kuwa mwangalifu. Programu nyingi huruhusu watumiaji waandike namba wenyewe. Ukitafuta pilau utapata majibu mengi yanayopishana sana, na hakuna hata moja linalojua sahani yako.

Njia bora ni kutazama kiasi. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa bila mafuta kina kalori 200 hivi. Boksi la kubeba nyumbani linaweza kuwa na vikombe viwili au vitatu. Ukikuta mafuta chini ya boksi, ongeza. Programu ikikupa namba kadhaa, chukua iliyo juu kuliko ile ya chini.

Tumia namba hivi

Linganisha. Chakula kimoja kikiwa na 1,200 na kingine 600, tofauti ni kubwa kuliko kosa lolote la kawaida. Chagua cha 600. Lakini 600 na 640 vichukulie kuwa sawa, kisha chagua kilicho na mboga zaidi au mafuta pungufu.

Acha nafasi. Unapoandika chakula cha mgahawani kwenye daftari, ongeza sehemu moja ya kumi. 800 iandike 880. Kwa mgahawa wa kuhudumiwa mezani, au saladi iliyokuja imeshachanganywa na sosi, ongeza sehemu moja ya tano: 500 iandike 600.

Omba sosi kando. Hapo utaona kiasi na utaamua mwenyewe.

Omba karatasi kamili. Migahawa inayohusika na sheria lazima ikuonyeshe kwa maandishi ukiomba: mafuta, chumvi, wanga, sukari, protini. Sema: "Nutrition information, please." Huna haja ya kueleza sababu.

Angalia kinywaji. Kopo moja la soda la aunsi 12 lina kalori 140 hivi, na karibu zote ni sukari. Glasi za mgahawani mara nyingi ni kubwa kuliko kopo, na ukijaza tena unaanza hesabu upya. Maji hayana kalori.

Gawanya kabla hujaanza. Omba boksi mapema, weka nusu ya chakula ndani, ufunge. Hata kama namba ilikosea, umekula nusu ya kosa.

Pika unapoweza. Chakula cha jana kikibebwa kazini, wewe ndiye uliyeshika kijiko cha mafuta.

Ukiwa na kisukari au presha

Kalori peke yake hazikuambii wanga ni kiasi gani, na wanga ndio unaopandisha sukari ya damu zaidi. Ukiwa unachoma insulini kwa kuhesabu wanga, tumia ile karatasi kamili, lakini kumbuka nayo ni makadirio. Pima sukari kwa saa ulizoelekezwa na kliniki, na andika ulikula nini na wapi. Usibadilishe dozi peke yako kwa kutegemea namba ya ubaoni.

Usiruke mlo ili kufidia chakula cha jana. Kwa mtu anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari, sukari inaweza kushuka ghafla, na hiyo ni hatari.

Mwenye presha aangalie sodiamu, yaani ile sehemu ya chumvi inayoandikwa kwenye karatasi. Watu wazima hushauriwa wasifike miligramu 2,300 kwa siku. Sahani moja ya mgahawani inaweza kumaliza zaidi ya nusu, na mkono wa mpishi kwenye chumvi haupimwi zaidi kuliko kwenye mafuta.

Kwa watoto, msianze kuwahesabia kalori wenyewe. Mtoto anakua. Kama uzito wake unawapa wasiwasi, anzeni kwa kupunguza soda na juisi, kisha mwulizeni daktari wake.

Mweleze daktari

Kama umefuata hesabu na uzito haushuki, usikate tamaa na usifiche daftari. Lipeleke kliniki. Weka alama kwenye kila chakula ulichonunua nje, na sema wazi ni mara ngapi kwa wiki. Mweleze mtaalamu wa lishe kwamba namba hizo ulizitoa kwenye menyu. Akijua hivyo, atapunguza kiwango, au atakushauri upunguze siku za kula nje, au atatafuta sababu nyingine, kama vile dawa unazotumia. Asipojua, atabaki kufikiri husemi kweli.

Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Unapopanga miadi sema: "I need a Swahili interpreter." Usimtumie mtoto wako kutafsiri. Mambo ya dawa na ugonjwa wa mzazi ni mzigo mkubwa kwake, na neno moja likikosewa dozi inaweza kukosewa.

Mama mjamzito, anayenyonyesha, au mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kuomba kujiunga na mpango wa WIC, ambao pamoja na chakula hutoa ushauri wa lishe. Kama unahitaji msaada wa kujaza fomu, kupata miadi au kudai mkalimani, zungumza na mhudumu wako hapa ofisini. Njoo na daftari lako, hata kama limeandikwa kwa Kiswahili.