Riwaya ya Mapenzi na Siri ya Msomaji

Riwaya za mapenzi hudharauliwa na wengi kuwa ni burudani ya kupitishia muda. Kwa mtazamo wa tiba ya afya ya akili, hata hivyo, riwaya yaweza kuwa mlango wa mazungumzo ambayo mgonjwa hakuthubutu kuyaanza.

Siri za mapenzi, ziwe ni ndoa ya kulazimishwa, mimba, kipigo cha mwenza au maambukizi ya VVU, hufungamana na aibu, nayo aibu hufunga kinywa. Mgonjwa huja akilalamikia kichwa, moyo kwenda mbio au kukosa usingizi. Mhusika wa riwaya humpa fursa ya kumzungumzia mtu mwingine huku akijipima mwenyewe. Katika Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, Yasmin anaozwa akingali msichana kwa mwanamume aliyemzidi umri kupita kiasi, naye anaikimbia ndoa hiyo. Msomaji akiulizwa kwa upole ni nini kilichomfanya Yasmin aondoke, huenda jibu lake likahusu nyumba yake mwenyewe. Mhudumu asikilize bila kumwambia, "Basi wewe ndiye Yasmin." Uamuzi wa kujitambulisha ni wa mgonjwa.

Ila si kila kitabu kinamfaa kila msomaji. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, Rosa anaachwa na mchumba kwa sababu ya maisha yake ya nyuma, naye anajiua. Ni riwaya yenye uzito mkubwa kuhusu malezi na unafiki wa jamii. Lakini mtu mwenye sonona kali anaweza kukiona kifo hicho kuwa njia ya kutokea. Mhudumu akisikia mgonjwa anajifananisha na Rosa, amuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu ya kusema. Akikiri, asiachwe peke yake, na apewe rufaa siku hiyohiyo.

Lipo pia fundisho la kulipima kwa makini, nalo ni lile la mwanamume katili anayebadilika kwa sababu mwanamke amempenda na kuvumilia. Riwaya humaliza jambo hilo kwa kurasa chache. Katika maisha, kipigo mara nyingi hurudi, na huweza kuzidi. Uvumilivu si tiba ya ukatili. Nchini Tanzania, Vituo vya Mkono kwa Mkono na madawati ya jinsia na watoto ya polisi vimewekwa kwa ajili ya wanaofanyiwa ukatili.

Kwa mhudumu, swali "Siku hizi unasoma nini?" halihitaji kifaa wala bajeti, linahitaji faragha, na mumewe au mama mkwe asubiri nje. Kwa msomaji, ukurasa uliokuliza haukukuonea. Ujaribu kujua umegusa nini. Ikiwa huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda kumedumu wiki mbili au zaidi, fika kituo cha afya. Ukishindwa kuianza habari yako, anza na ya mhusika. Yako itafuata.