Storibodi: Chora Kwanza, Rekodi Baadaye

Katika vyuo vya afya, kazi ya kikundi inayowataka wanafunzi watengeneze video fupi ya kuelimisha jamii imekuwa jambo la kawaida. Simu ya mkononi hutosha kurekodi na kuhariri, na wepesi huo huwavuta wengi waanze na kamera. Makala haya yanaeleza kwa nini kazi hiyo yafaa ianze na kalamu na karatasi, na kwa nini mgonjwa naye anayo nafasi katika hatua hiyo ya mwanzo.

Storibodi ni nini?

Storibodi ni mfululizo wa michoro midogo iliyopangwa kwa mfuatano wa matukio, mithili ya katuni za gazetini. Kila kisanduku huonyesha tukio moja. Chini yake huandikwa maneno yatakayosemwa, sauti nyingine zitakazosikika, na muda wa tukio kwa sekunde. Mtindo huu ulikuzwa katika studio ya Walt Disney nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wachoraji walibandika michoro yao ukutani ili wenzao waione hadithi nzima kwa pamoja, waipange upya na kuondoa kisichofaa kabla ya kuingia gharama.

Mchoraji si lazima awe msanii. Duara kwa kichwa na mistari kwa mwili vinatosha, mradi ionekane nani yupo, anafanya nini na ameshika nini.

Mfano: maji ya chumvichumvi kwa mtoto anayehara

Tuseme kikundi kimepewa mada ya kumhudumia nyumbani mtoto anayehara, na video isizidi dakika 3, yaani sekunde 180. Visanduku vinane vinaweza kupangwa hivi:

1. Mama amembeba mtoto anayehara (sekunde 15).
2. Mama ananawa mikono kwa maji na sabuni (sekunde 15).
3. Anapima lita 1 ya maji safi na salama (sekunde 25).
4. Anamimina pakiti nzima ya ORS (sekunde 20).
5. Anakoroga hadi unga uyeyuke wote (sekunde 10).
6. Anamnywesha mtoto kidogo kidogo (sekunde 35).
7. Anayeyusha kidonge cha zinki katika kijiko na kumpa mtoto (sekunde 25).
8. Dalili za hatari, na safari ya kwenda kituo cha afya (sekunde 35).

Tukitazame kisanduku cha tatu. Katika maandishi, neno «lita 1» halina utata. Mchoraji, hata hivyo, hulazimika kuamua ni chombo gani kitakachoonekana, na hapo ndipo swali zito hujitokeza. Chupa za maji ya kunywa zinazouzwa madukani zipo za nusu lita, za lita 1 na za lita 1.5, na zote huitwa «chupa ya maji». Pakiti ya lita 1 ikichanganywa katika nusu lita, chumvi huwa maradufu na sodiamu inaweza kuzidi katika damu ya mtoto. Ikichanganywa katika lita 1.5, dawa huwa hafifu na hairudishi ipasavyo chumvi zilizopotea. Zaidi ya hayo, zipo pakiti zilizotengenezwa kwa ujazo mdogo kuliko lita 1. Kwa hiyo kisanduku hiki chafaa kigawanywe viwili: cha kwanza kionyeshe kwa karibu maelekezo ya ujazo yaliyoandikwa kwenye pakiti, na cha pili kionyeshe chupa mbili za nusu lita zikijaza chombo kimoja.

Kisanduku cha sita nacho kina uzito wake. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara. Mwenye miaka 2 au zaidi, mililita 100 hadi 200. Akitapika, mama husubiri dakika 10, kisha huendelea polepole zaidi. Kunyonyesha na kulisha huendelea, na dawa iliyobaki baada ya saa 24 humwagwa. Mambo hayo yote hayaenei katika sekunde 35. Msomaji akiyasoma kwa sauti huku mwenzake ameshika saa, kikundi kitagundua mapema kwamba muda uongezwe hapa na upunguzwe penginepo.

Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma: miligramu 20 kwa siku, na miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Kisanduku cha mwisho kitaje waziwazi dalili za hatari: mtoto kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kulegea au kulala usingizi usio wa kawaida, macho kudidimia, na damu katika kinyesi.

Michoro iende kliniki

Michoro ikikamilika, mhadhiri aihakiki kwa upande wa taaluma. Kisha kikundi kiipeleke kwa watu waliokusudiwa, kwa mfano kina mama wa kliniki ya watoto. Waonyeshwe michoro bila maneno na kuulizwa, «Mama, hapa unaona nini?» Swali la «Umeelewa?» halisaidii, kwani wengi hujibu ndiyo kwa heshima. Alama ya mkasi, mshale, au kiungo kimoja cha mwili kilichochorwa peke yake vinaweza kueleweka tofauti kabisa na alivyokusudia mchoraji. Mama akisema kijiko kilichochorwa ni cha kupakulia wali, kasoro hiyo hurekebishwa kwa kifutio. Ikigunduliwa baada ya kurekodi, itabidi kazi irudiwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Storibodi hulinda pia haki za mgonjwa. Mzazi anayeombwa ridhaa ya mwanawe kurekodiwa huonyeshwa mapema mwanawe ataonekana katika tukio gani, kwa ukaribu gani na kwa muda gani. Anaweza kukubali mikono ionekane na kukataa sura. Uongozi wa kituo nao hutoa kibali ukijua kitakachorekodiwa. Mahali ambapo mwanasesere au mwanafunzi anaweza kuigiza, hapana haja ya kumweka mgonjwa mbele ya kamera.

Ndani ya kikundi, storibodi huwapa wote marejeo mamoja. Mpiga picha hujua ni wapi asogee karibu, msimulizi hujua maneno yake, na mhariri hujua mpangilio. Matukio ya mahali pamoja hurekodiwa kwa mkupuo mmoja hata kama hayafuatani.

Wahudumu wa afya mnaofikiwa na wanafunzi wenye michoro yao, wapeni dakika chache na mkague vipimo. Nanyi wazazi na wagonjwa mnaoulizwa mnachokiona, semeni bila kusita pale mchoro usipoeleweka. Kina mama watakaoitazama video hiyo watapima maji kama walivyoona yakipimwa.