Biashara ya Mieleka: Siri ya Ulingoni Inavyouzwa Mara Mbili

Mieleka ya kulipwa ni biashara ya burudani iliyovaa mavazi ya mchezo. Mshindi hupangwa kabla ya pambano, na wanaopambana hushirikiana ili wasiumizane. Mapato yake ya kawaida hutoka kwenye tiketi za mlangoni, haki za matangazo ya televisheni na intaneti, udhamini, na bidhaa kama fulana na mikanda ya ubingwa ya kuigiza. Katika miaka ya karibuni limeongezeka fungu jingine ambalo wenye ulingo hawalimiliki peke yao, nalo ni mazungumzo kuhusu mieleka, hasa podikasti. Fungu hili ni dogo likiwekwa kando ya mabilioni ya haki za matangazo. Hata hivyo, ndilo linaloonyesha waziwazi ni nani anayeibeba biashara nzima mgongoni: shabiki wa miaka mingi.

Kwa miongo mingi siri ndiyo iliyokuwa mtaji. Kuanzia mwaka 1948, mapromota wa Marekani waliojiunga na National Wrestling Alliance waligawana nchi kwa maeneo, kila mmoja akitawala miji yake, na wote wakashikilia sharti moja: mtazamaji asiambiwe kwamba matokeo yamepangwa. Mahasimu wa ulingoni hawakutakiwa hata kuonekana wakila pamoja hadharani. Vince McMahon, aliyenunua kampuni ya baba yake mwaka 1982 na kuivusha mipaka ya maeneo hayo kwa nguvu ya televisheni ya kebo, ndiye aliyekuja kuitoa siri hiyo rasmi, tena kwa sababu za kihesabu tu. Mwaka 1989 kampuni yake iliwaeleza maseneta wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka ni burudani wala si mashindano. Shabaha ilikuwa kujinasua kutoka kwa wasimamizi wa michezo wa jimbo hilo, pamoja na kodi iliyoambatana na usimamizi wao.

Pembeni, soko la pili lilikuwa limekwisha kuota. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Dave Meltzer wa California alikuwa akichapa jarida lake, Wrestling Observer Newsletter, na kulituma kwa posta kwa watu waliotaka kujua nani amesaini wapi, ukumbi upi umejaa na nani kagombana na nani nyuma ya pazia. Wade Keller akafuata na Pro Wrestling Torch mwaka 1987. Katika miaka ya 1990 zikaja namba za simu za kulipia kwa dakika. Kampuni ya WCW, mshindani wa McMahon, yenyewe ilimtumia mtangazaji wake, Gene Okerlund, kuwahimiza watazamaji katikati ya kipindi wapige simu wasikie fununu ambazo hazingesemwa hewani. Baadaye zikauzwa kanda za video ambamo wanamieleka wastaafu walikaa kitini na kusimulia yote kwa saa kadhaa. Kwa maneno mengine, podikasti ilipofika ilikuta wateja wamekwisha kuzoea kulipia habari za jikoni.

Colt Cabana, mwanamieleka wa kumbi ndogo, alianza kipindi chake, Art of Wrestling, mwaka 2010. Steve Austin na Chris Jericho, majina makubwa zaidi, waliingia mwaka 2013. Msukumo wa kiuchumi ulikuwa wazi. Wanamieleka wa WWE, kampuni iliyokuzwa na McMahon, huandikwa kama wakandarasi wanaojitegemea, si waajiriwa, na hawana chama cha wafanyakazi. Anayestaafu akiwa na magoti mabovu hubaki na vitu viwili vya kuuza: saini yake na kumbukumbu zake. Saini huuzwa kwenye mikutano ya mashabiki. Kumbukumbu zilikuwa zimekosa soko la kudumu mpaka kipaza sauti kilipokuwa rahisi kuliko tiketi ya ndege.

Aliyeligeuza soko hilo kuwa kiwanda si mwanamieleka hata kidogo. Conrad Thompson ni mfanyabiashara wa mikopo ya nyumba kutoka Huntsville, Alabama, na shabiki tangu utotoni. Agosti 2016 alianza Something to Wrestle pamoja na Bruce Prichard, aliyekuwa msaidizi wa karibu wa McMahon kwa miaka mingi. Mpango wake ulikuwa mwepesi: kila kipindi kinachukua mtu mmoja au tukio moja la zamani, mara nyingi kwa kura ya wasikilizaji, kisha Thompson anauliza kama shabiki aliyesoma majarida yote, na Prichard anajibu kama mtu aliyekuwamo chumbani. Vipindi vingi vilipita saa mbili, vingine vikakaribia nne. Na katikati ya simulizi za Undertaker na Hulk Hogan, Thompson alitangaza mikopo ya kampuni yake mwenyewe. Hapo ndipo penye ujanja. Msikilizaji aliyekuwa mtoto wakati onyesho la WrestleMania la kwanza likifanyika Machi 1985 sasa ni mtu mzima mwenye nyumba, watoto na deni la benki. Mtangazaji na mtangaziwa walikuwa wa rika moja.

Baada ya hapo akaunda vipindi vya aina hiyo na wakongwe wengine, akiwamo Jim Ross, na Eric Bischoff, aliyeiongoza WCW ilipoishinda WWF (jina la zamani la WWE) katika idadi ya watazamaji wa Jumatatu kwa takriban wiki 83 mfululizo. Kipindi cha Bischoff kimebeba idadi hiyo kama jina. Ukaongezwa usajili wa kulipia kwa wasiotaka matangazo, na maonyesho ya jukwaani ambako watu hukata tiketi kutazama wanaume wawili wakiongea.

Hesabu za podikasti zenyewe hazina maajabu. Nchini Marekani tangazo linalosomwa na mtangazaji huuzwa kwa kila wasikilizaji 1,000, kwa kawaida kati ya dola 15 na 30. Kipindi chenye wasikilizaji 100,000 na matangazo manne ya dola 20 kwa kila elfu huingiza dola 8,000. Kinachosikilizwa na watu 3,000 hupata dola 240, ambazo mwenye kukodi studio na kulipa mhariri wa sauti atazimaliza kabla ya mwisho wa wiki. Ndiyo maana vipindi vidogo huishi kwa ada ya mwezi. Mashabiki 500 wanaolipa dola 5 huleta dola 2,500 kabla ya makato, na wana thamani kubwa kuliko maelfu wanaopita bure. Mieleka inafaa sana kwa mtindo huu kwa kuwa haina msimu wa mapumziko: Raw, kipindi cha WWE, huonyeshwa kila wiki, mwaka mzima.

Maneno yamewahi kugeuka kuwa kampuni. Mei 2017, Meltzer alipoulizwa na shabiki kama kampuni ya Ring of Honor ingeweza kuuza viti 10,000, alijibu kwamba si karibuni. Cody Rhodes, mtoto wa mwanamieleka Dusty Rhodes, aliikubali changamoto. Septemba 1, 2018, onyesho la All In lilifanyika nje ya Chicago, na tiketi zake zaidi ya 10,000 zilikuwa zimeisha ndani ya takriban nusu saa. Thompson aliandaa mkutano wa mashabiki, Starrcast, wikendi hiyo hiyo. Miezi minne baadaye ilitangazwa kampuni mpya ya mieleka, AEW, kwa fedha za familia ya Khan inayomiliki klabu ya soka ya Fulham ya Uingereza. Agosti 2023 AEW ilitangaza kuuza tiketi 81,035 kwa onyesho lake la Wembley, London; takwimu za baraza la mtaa wa Brent zilionyesha watu 72,265 waliopita getini. Pengo hilo lilijadiliwa kwenye podikasti kwa wiki kadhaa, yaani hata mzozo wa hesabu ulikuwa bidhaa.

Fedha nzito, hata hivyo, ziko kwenye haki za matangazo. Septemba 2023 WWE iliunganishwa na kampuni ya mapigano ya UFC kuunda TKO, kampuni iliyo kwenye soko la hisa, huku WWE ikithaminiwa kwa takriban dola bilioni 9.3. Januari 2024 Netflix ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 5 kwa miaka 10, na Raw ikahamia huko Januari 6, 2025. Saudi Arabia ina mkataba wake wa muda mrefu tangu 2018, ulioanza na onyesho la Jeddah. Katika hali hiyo kujaza ukumbi si suala la kufa na kupona tena, na shabiki wa zamani analalamikia bei ya tiketi bila kusikilizwa sana.

Upande wa podikasti una hatari zake. Novemba 2014 mwanamieleka CM Punk alilaumu huduma ya matibabu ya WWE katika kipindi cha Cabana. Daktari wa kampuni akawashtaki wote wawili, na ni Juni 2018 tu ndipo baraza la wazee wa mahakama mjini Chicago lilipowaondolea lawama. Baadaye marafiki hao wakafikishana mahakamani kuhusu nani alipe mawakili. Kumbukumbu nazo ni malighafi inayopungua: tukio moja likishasimuliwa na watu watano, simulizi ya sita huwa marudio. Isitoshe, wateja wanazeeka. Uchambuzi wa Magna Global uliotolewa 2017 ulionyesha kwamba umri wa kati wa watazamaji wa WWE kwenye televisheni ya Marekani ulipanda kutoka miaka 28 mwaka 2000 hadi 54 mwaka 2016. WWE imejibu kwa kuwafuata vijana YouTube na kwa kuanzisha podikasti zake yenyewe, ikiwamo After the Bell ya 2019, ambamo nyota aliye kazini husema yale ambayo kampuni inayaridhia.

Kwa sasa bei ya mieleka hupangwa na wanunuzi wachache wa haki za matangazo, na mkubwa kuliko wote, Netflix, ana ruhusa ya kujitoa kwenye mkataba wake baada ya miaka 5.