Choo cheusi kama lami si cha kusubiri asubuhi

Huku Kanda ya Ziwa, mtu akitapika damu ghafla, wengi husema amerogwa. Mara nyingi chanzo kimekaa mwilini miaka mingi: kichocho cha tumbo, kile kinachopenya kwenye ngozi ukiwa ziwani unaoga, unafua au unavua.

Damu inayotoka kwenye utumbo na bandama hupita kwanza kwenye ini, kupitia mshipa mmoja mkubwa. Minyoo ya kichocho hutaga mayai, mengine hunasa ndani ya ini na kuacha makovu. Damu inakosa pa kupita, kama mfereji wa shamba uliozibwa na matope: maji hurudi nyuma yakatafuta njia pembeni. Njia hizo za pembeni ni mishipa midogo ya koo la chakula na ya tumbo, na mara nyingine ya karibu na njia ya haja kubwa. Inavimba, siku moja inapasuka. Homa ya ini B na C, na pombe ya miaka mingi, huweza kufikisha mtu hapohapo.

Mara nyingi hakuna maumivu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mwingine hatapiki kabisa. Anaona tu choo cheusi, kinachonata, chenye harufu kali, huku akisikia kizunguzungu. (Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, ila hakinati hivyo.) Damu nyekundu chooni nayo isiitwe bawasiri haraka kama tayari una tatizo la ini au bandama imevimba.

Ondokeni usiku huohuo. Anayetapika alazwe ubavu, asipewe chakula wala mitishamba. Asimeze diklofenaki wala aspirini, zinazidisha kuvuja damu. Zahanati haiwezi kufunga mshipa, lakini itaweka dripu na kutoa rufaa. Nendeni na ndugu wawili watatu wa kuchangia damu. Hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, daktari hupitisha mdomoni mpira wenye kamera, akaifunga mishipa hiyo kwa vipete vidogo.

Prazikwanteli huua minyoo, lakini makovu ya zamani hayaondoki kirahisi. Kwa hiyo aliyewahi kuvuja damu arudi kliniki hata akijisikia mzima: mishipa hiyo hupasuka tena, na zipo dawa za kila siku za kupunguza msukumo wa damu ndani yake.