Oili Chafu: Je, Oili Iliyotoka Gari Moja Inafaa Injini Nyingine?

Mara hii tuongee juu ya kitu ambacho vikundi vingi vinakitumia lakini wachache wanakiangalia: oili ya injini. Stima imefika vijiji vingi vya Kisii na Nyamira, lakini bado kuna mashine za posho za dizeli, pampu za maji, na pikipiki ambazo vijana wetu wamezinunua kwa kuchanga. Zote zinaishi kwa oili.

Nianze na kisa. Kikundi kimoja cha akina mama, ambacho sitakitaja jina, kilichanga pesa kidogo kidogo kwa miaka mitatu mpaka wakanunua mashine ya kusaga. Ilifanya kazi vizuri. Siku moja mwendeshaji akaambiwa na rafiki yake kwamba kuna oili iliyotolewa kwenye matatu, inauzwa kwa debe, bei iko chini sana kuliko ya duka. "Hii imetoka kwa gari mpya, iko sawa tu," aliambiwa. Wakainunua, wakaichuja kwa kitambaa, wakaitia. Mweka hazina akafurahi kwa sababu matumizi yamepungua.

Baada ya miezi michache mashine ikaanza kutoa moshi wa bluu. Halafu ikaanza kugonga. Siku moja ya soko, watu wakiwa kwenye foleni na mahindi yao, ikakwama kabisa. Fundi alipoifungua alikuta silinda imelika na beringi zimekwaruzika. Pesa za kuitengeneza zilikuwa nyingi kuliko oili mpya ambayo wangeitumia kwa miaka kadhaa. Na wiki zote hizo akina mama walipeleka mahindi yao kusagwa kwa mtu mwingine.

Nilipowatembelea, omong'ina mmoja aliniuliza: "Madam, mafuta ya kupikia tunakaangia hata mara ya pili. Kwa nini hii ya injini isitumike tena?" Swali lake ni zuri sana, na ndilo limenifanya niandike makala hii.

OILI INAFANYA KAZI GANI?

Watu wengi hufikiri kazi ya oili ni kulainisha peke yake. La. Ina kazi tano: kulainisha vyuma visisuguane, kupunguza joto, kuosha masizi, kuziba nafasi ndogo kati ya pistoni na silinda, na kuzuia kutu.

Ili iweze kazi hizi zote, kiwandani huongezwa "dawa" ndani yake. Kuna dawa ya kushika masizi yasigande, dawa ya kupigana na asidi, na dawa ya kulinda vyuma. Hizi dawa hutumika zikaisha, kama sabuni inavyoisha ndani ya maji ya kufulia. Maji yanabaki kwenye beseni, lakini hayaoshi tena.

INAHARIBIKA VIPI?

Injini ikifanya kazi, vitu hivi huingia ndani ya oili:

1. Masizi kutoka kwa dizeli au petroli iliyoungua.
2. Asidi inayotokana na kuungua huko.
3. Mafuta yenyewe, yaani dizeli au petroli ambayo haikuungua. Hii hufanya oili iwe nyepesi.
4. Maji, hasa kama radieta ina tatizo au injini haipati joto la kutosha.
5. Vumbi la barabara, na kwa mashine ya posho, vumbi la unga linaloziba chujio la hewa.
6. Chembe ndogo sana za chuma kutoka ndani ya injini yenyewe.

Sasa mtaona kosa la wale akina mama. Walifikiri kuchuja kwa kitambaa kumeondoa uchafu. Lakini sisi wote tunajua chai. Ukichuja chai, majani yanabaki kwenye chujio, lakini rangi na sukari vimepita. Ni hivyo hivyo na oili. Kitambaa kinashika takataka kubwa. Masizi, asidi, dizeli na chembe za chuma ndogo kuliko unene wa unywele vinapita vyote. Na dawa iliyokwisha hairudishwi na kitambaa.

Tena, mashine nyingi za posho za mtindo wa zamani, zile za Lister na zile zilizoigwa kutoka kwake, hazina chujio la oili kama la gari. Uchafu ukiingia, hakuna wa kuuzuia.

WENYE MAGARI MENGI WANAPIMAJE?

Kampuni zenye malori mengi, meli au mitambo ya umeme hazikisii. Huchukua oili kidogo kwenye chupa safi na kuipeleka maabara. Ni sawa na daktari anayetoa damu kidogo ili ajue ugonjwa ulio ndani. Mwaka 1946 maabara ya kampuni ya reli ya Denver and Rio Grande huko Marekani iliweza kugundua matatizo ya injini za treni za dizeli kwa kupima madini yaliyokuwa ndani ya oili, kabla ya injini kuvunjika. Tangu wakati huo kipimo hiki kimeenea duniani.

Njia mojawapo ni kuichoma oili kwa cheche kali ya umeme. Kila madini yakiungua hutoa mwanga wa namna yake, na chombo kinausoma. Chuma kikiwa kingi, huenda silinda au gia inalika. Aluminiamu huonyesha pistoni. Shaba na risasi huonyesha beringi. Silika huonyesha vumbi, yaani chujio la hewa limetoboka au halikufungwa vizuri. Maabara hupima pia uzito wa oili, maji, na nguvu ya dawa iliyobaki dhidi ya asidi.

Jambo la kukumbuka: wataalamu hawategemei kipimo kimoja tu. Wanalinganisha cha leo na cha mwezi uliopita cha injini ile ile. Kinachowatisha zaidi ni chuma kupanda ghafula.

VIPIMO VYA KIJIJINI

Kikundi hakina pesa za maabara kila mara. Lakini kuna vipimo ambavyo mwendeshaji anaweza kufanya mwenyewe. Avae glavu, au hata mifuko ya plastiki mikononi.

Kwanza, kijiti cha kupimia. Zima injini, ngoja kidogo, futa kijiti, kisha pima. Oili ikipungua haraka, inaungua au inavuja. Ikipanda bila mtu kuongeza, msifurahi! Dizeli au maji yanaingia.

Pili, rangi. Oili ya dizeli kuwa nyeusi mapema si ajabu, maana inashika masizi kama inavyotakiwa. Lakini ikiwa na rangi ya maziwa au chai ya maziwa, ina maji. Simamisha injini, mwite fundi.

Tatu, tone la karatasi. Injini ikiwa bado moto, dondosha tone moja la oili kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, isiyong'aa. Iweke mahali pa tambarare mpaka kesho yake. Tone likienea polepole na kuwa na rangi ya kijivu inayofanana, dawa ya kushika masizi bado inafanya kazi. Likibaki doa jeusi zito katikati lenye ukingo mkali, dawa imekwisha. Likizungukwa na duara pana jepesi, shuku dizeli. Andika tarehe kwenye karatasi na uihifadhi, ili ulinganishe na inayofuata.

Nne, tone kwenye bati la moto. Pasha kipande cha chuma, kiondoe motoni, kisha dondosha tone moja tu. Likilia na kutoa mapovu kama maji kwenye sufuria ya mafuta, kuna maji. Fanyeni hivi nje, mbali na petroli na watoto, na msiinamie karibu.

Sasa sikilizeni vizuri. Vipimo hivi vinaweza kukuambia kwamba oili ni mbaya. Haviwezi kukuambia kwamba ni nzuri. Chembe za chuma zinazoua beringi hazionekani kwa macho wala kwa karatasi. Kwa hivyo mtu akikuonyesha tone zuri la oili iliyotoka gari lingine, hajakuhakikishia kitu.

KWA HIVYO, TUITUMIE AU TUSIITUMIE?

Jibu langu ni: msiitumie. Sababu ni tatu.

Ya kwanza, ukitia oili iliyotoka injini nyingine, unatia na magonjwa ya ile injini. Wewe hujui ilitembea kilomita ngapi, wala hujui kama ilitolewa kwa sababu muda umefika au kwa sababu gari lilikuwa linakufa. Na debe la oili chafu kwa kawaida limechanganywa kutoka magari mengi, pengine na oili ya gia na ya breki ndani yake.

Ya pili, oili si moja. Namba ya SAE kwenye mkebe, kama 40 au 15W-40, inaonyesha uzito wake. Herufi za API zinaonyesha kazi yake: zinazoanza na S ni za injini za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. Oili ya gari dogo la petroli haikutengenezwa kushika masizi ya mashine ya dizeli. Fuateni kitabu cha injini yenu.

Ya tatu ni kwa vijana wa boda boda. Katika pikipiki nyingi mnazoendesha, oili ile ile inalainisha injini, gia na klachi. Baadhi ya oili za magari madogo zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi yako inahitaji msuguano ili ishike. Ukiitia hiyo, klachi inaweza kuteleza ukiwa kwenye mlima na abiria nyuma. Na milima yetu mnaijua.

Mtaniuliza, "Na kama tajiri amebadilisha mapema, oili bado ina nguvu?" Inawezekana ikawa na nguvu. Kuna watu katika nchi nyingine wanaofanya hivyo, lakini wameipima maabara na wanalijua lile gari. Sisi tukinunua kwa debe kando ya barabara, hatuna hata moja kati ya hayo mawili.

Mjihadhari pia na oili chafu iliyochujwa, ikatiwa kwenye mikebe ya kupendeza na kuuzwa kama mpya. Nunueni kwa duka mnalolijua, angalieni kifuniko hakijafunguliwa na alama ya KEBS ipo, na mchukue risiti. Mkebe ukiisha, utoboeni ili asije mtu akautumia tena.

OILI ILIYOTOKA IENDE WAPI?

Hapa naomba tuwe wakweli. Wengi wetu tunaimwaga chini, au tunaipaka kwenye nguzo za ua. Shirika la mazingira la Marekani husema kwamba galoni moja ya oili chafu inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Nchi yetu ni ya miteremko. Kinachomwagwa juu kinafika kwenye chemchemi chini, ambapo watoto wanateka maji. Kutoka hapo kinafika Gucha au Sondu, na mito yote miwili inaingia Ziwa Victoria.

Wengine wanapaka oili hii kwa miguu yenye funza, au kwa ng'ombe wenye kupe. Tafadhali acheni. Panya waliopakwa oili chafu ya injini mara kwa mara katika majaribio walipata kansa ya ngozi. Mtoto mwenye funza apelekwe zahanati, au mwiteni mhudumu wa afya wa kijiji. Ng'ombe ana dawa yake ya kupe.

Kisheria, oili chafu ni taka ya hatari. Kuna Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 na kanuni za taka, na anayebeba taka kama hizi anatakiwa kuwa na leseni ya NEMA. Kikundi kifanye hivi: oili ikitoka, iwekwe kwenye jerikeni lenye kifuniko, iandikwe "OILI CHAFU", ikae mbali na jikoni, maji na watoto. Msichanganye na maji wala petroli. Vikundi kadhaa vikiungana, jerikeni zinakuwa nyingi, na mwenye leseni anaona faida ya kuja kuzichukua. Hata wazee wetu walijua nguvu ya egesangio.

DAFTARI LA INJINI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari moja la mashine peke yake. Kila siku mwendeshaji aandike: saa mashine ilizofanya kazi, oili iliyoongezwa, siku chujio la hewa liliposafishwa, na siku oili ilipobadilishwa. Gundisheni humo karatasi za tone. Mweka hazina naye atenge kila siku pesa kidogo za oili mpya kabla ya kugawana faida, ili siku ya kubadilisha isije ikawakuta mikono mitupu. Wale akina mama sasa wanafanya hivyo. Mashine yao inanguruma tena, na daftari limening'inizwa ukutani kwa kamba.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Mashine yetu ilibadilishwa oili lini mara ya mwisho? Nani anajua, na imeandikwa wapi?
2. Oili tunayonunua inatoka wapi, na ina namba gani kwenye mkebe?
3. Oili chafu tuliyotoa mwaka huu ilienda wapi? Chemchemi iliyo karibu iko umbali gani?
4. Vikundi gani jirani tunaweza kuungana navyo kukusanya oili chafu?