Ajira ya Uarabuni: Nani alipie darasa la kabla ya safari?

Mfanyabiashara wa viazi au mbao wa Njombe huujua mzigo wake kabla haujapanda lori. Anajua uzito, ubora, mnunuzi, na nani atabeba hasara ukiharibika njiani. Lakini familia hiyo hiyo inapomsafirisha binti kwenda kufanya kazi za ndani Oman au Saudi Arabia, maswali hayo mara nyingi hayaulizwi. Binti hupewa pasipoti, kanga mbili na nasaha za bibi, kisha hupandishwa basi la Dar es Salaam.

Kwa ukoo wa kawaida wa Igwachanya huo ni uwekezaji mkubwa. Pasipoti ya kielektroniki peke yake ni Sh 150,000, bei iliyotangazwa ilipoanza kutolewa mwaka 2018. Hapo bado nauli za kwenda na kurudi Dar, upimaji wa afya, malazi ya kusubiri viza, na chai ya mtu wa kati. Fedha hizo hutoka kwenye mahindi, kwenye ng'ombe, au kwenye shamba la miti lililovunwa kabla ya wakati wake, na bei ya mti mchanga kila mtu wa mkoa huu anaijua. Binti akirudi baada ya miezi mitatu, mkataba wa miaka miwili ukiwa umevunjika, mtaji wote umekwenda na deni limebaki.

Eneo hili si geni katika soko la nguvu kazi. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika la kuajiri vibarua lililojulikana kama SILABU, na wilaya ya Njombe ya wakati huo ilikuwa moja ya ghala zake. Wanaume wa Kibena walipelekwa Tanga kwa malori wakiwa manamba, jina lililotokana na namba aliyopewa kila kibarua. Wengine wa Nyanda za Juu Kusini walichukuliwa na Wenela hadi migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Huko migodini kulikuwa na darasa la namna yake: mgeni alifundishwa Fanakalo, lugha ya mchanganyiko iliyojengwa zaidi kwa ajili ya kutoa na kupokea amri. Hakufundishwa kudai kitu. Tajiri alilipia darasa hilo kwa sababu lilimletea faida yeye.

Kisha likaja soko la Dar es Salaam, ambako kwa miaka mingi familia zimekuwa zikiulizia binti wa kazi kutoka Iringa, jina linalojumuisha Njombe na Makambako pia. Soko hilo lina matatizo yake, lakini binti na mama mwenye nyumba huongea lugha moja, na mambo yakimshinda anapanda basi na jioni yupo Makambako. Uarabuni hakuna basi. Viza yake imefungwa kwa mwajiri kwa utaratibu wa kafala, na akitoka nyumbani bila ruhusa anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka. Saudi Arabia ililegeza masharti ya kubadili mwajiri mwaka 2021, lakini wafanyakazi wa ndani waliachwa nje ya mabadiliko hayo.

Ndiyo maana darasa la kabla ya safari lina thamani ya fedha. Jambo la kwanza ni Kiarabu cha jikoni, cha mtoto na cha ugonjwa. Mawakala hupenda kusema kwamba Muscat wanaongea Kiswahili. Ni kweli kwa baadhi ya familia, kutokana na uhusiano wa miaka mingi na Zanzibar, lakini binti hachagui nyumba. Ramadhani nayo humshangaza mtu aliyekulia katika nyumba ya Kikristo. Kazi huhamia usiku, futari na daku vikipikwa kwa ajili ya wageni, na anayedhani mwezi wa kufunga ni mwezi wa kupumzika huchoka ndani ya wiki moja.

Halafu kuna adabu. Msichana wa Kibena hulelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa na kuitikia kwa sauti ya chini. Mbele ya mwajiri asiyemjua, ukimya huo unaweza kusomwa kama kununa au ukaidi. Kumweleza jambo hilo ni kazi ya nusu saa tu.

Hapa ndipo wengi hukosea wakidhani mafunzo haya ni ya kumzoesha binti kuvumilia. Utaratibu wa Saudi Arabia wa mwaka 2013 ulimpa mfanyakazi wa ndani saa 9 za mapumziko kwa siku na siku moja ya kupumzika kwa wiki. Sheria ya Falme za Kiarabu ya 2017 nayo ilitoa siku moja kwa wiki. Mwaka huo huo wa 2017, Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu Watanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, ikieleza pasipoti kushikiliwa, saa za kazi kupita kiasi na mishahara kutolipwa. Asiyejua siku yake ya mapumziko ipo hawezi kuidai.

Ufilipino ililiona hili mapema. Tangu mwaka 2006 mfanyakazi wa ndani anayetoka huko lazima awe na cheti cha ufundi na apitie mafunzo ya lugha na utamaduni wa nchi aendako. Kenya ilisimamisha safari za Mashariki ya Kati mwaka 2014, ikafuta leseni za mawakala 930, na ilipozifungua tena 2017 iliweka mafunzo kuwa sharti. Tanzania ina Sheria ya Huduma za Kukuza Ajira ya 1999, kanuni za mawakala binafsi za 2014 na huduma ya ajira ya serikali, TaESA.

Suala la nani alipe si gumu kama linavyofanywa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unakataza wakala kumtoza mtafuta kazi, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Mwajiri wa Riyadh au Muscat humlipa wakala kwa kuletewa mfanyakazi, na gharama ya darasa ina nafasi humo. Mwekezaji mdogo wa Makambako anayefikiria biashara hii hahitaji jengo kubwa: mwalimu wa Kiarabu, jiko la umeme, mashine ya kufulia, na mwanamke aliyewahi kufanya kazi huko akarudi salama. Huyo wa mwisho ndiye adimu, na ndiye anayestahili kulipwa vizuri. Mteja wake awe wakala mwenye leseni, wala si familia.

Kwa mzazi wa Igwachanya, kitu cha kushika mkononi ni nakala ya mkataba iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, yenye jina la mwajiri, mji, mshahara na siku ya mapumziko. Idaiwe kabla nauli ya Dar haijatoka mfukoni, maana ahadi ya kuituma kwa simu binti akishafika haina wa kuisimamia.